Makofi ya Somo la Tatu

Makofi hayo ni ya mama yangu na wenzake. Watu waliosoma kozi yetu kwenye saiba za Kitale na Bungoma, vile vyumba vya kompyuta za kulipia, waliyasikia kila walipobofya jibu sahihi, na sidhani kuna aliyejiuliza yalitoka wapi. Niliyafuata mwenyewe hadi nyumbani, upande wa Sirisia, na kinasa sauti cha ofisi ndani ya mkoba. Niliwapanga akina mama wa kikundi chake mbele ya jikoni nikawaambia wapige makofi. "Tunapigia nani?" mmoja akauliza. Nikasema kuna mama amesimama mkutanoni, amemwambia mwenyekiti ukweli. Wakaangaliana. Wakaangua kicheko mpaka wengine wakajifuta macho kwa ncha za leso, halafu wakapiga. Mama yangu, ambaye hajawahi kwenda sawa na mdundo wowote tangu nimjue, akawa anamalizia peke yake wakati wenzake wamenyamaza. Sikukikata kipande hicho, nilikipenda.

Ilikuwa mwaka uliofuata ule wa ghasia za uchaguzi. Kitale ilikuwa imetulia, lakini utulivu wa mtu anayesikiliza mlango. Ukitaja jina lako la ukoo dukani unamwona mwenzako anapiga hesabu ya kabila usoni. Wafadhili nao walikuwa wameamua kwamba dawa yetu ni elimu ya uraia, na shirika letu dogo, lenye vyumba viwili juu ya duka la misumari na mabati la familia moja ya Kihindi, likapewa kazi ya kutengeneza kozi ya kusomwa kwenye mtandao. Mimi nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi kwa ajili ya kazi hiyo. Nilitunga visa, nikaamua nani atasema nini kwenye picha na kitatokea nini ukibofya hapa au pale. Bosi wetu, mtu wa Nairobi, mpole na msomi, hakutaka kozi ya kusomwa tu kama gazeti. Alitaka msomaji aamue mwenyewe, akosee, arekebishwe, apongezwe.

Mtandao wa siku zile, mayi wee! Picha ilishuka kutoka juu kidogo kidogo, kwanza kitambaa cha kichwa, halafu paji la uso, halafu macho. Ungeweza kwenda kunywa chai ukarudi ukakuta pua bado haijafika. Na stima ikipotea, unaanza tena kwenye kitambaa.

Mwenye kitambaa alikuwa mama wa kuchora, kitambaa cha kijani, na kisa chake kilikuwa Somo la Tatu. Yuko kwenye mkutano wa kijiji. Kamati inapanga mradi ambao utamuumiza. Chini ya picha kuna vibonye vitatu: Nyamaza. Tuma mtu akusemee. Simama useme mwenyewe. Ukibofya cha kwanza au cha pili, inakuja alama nyekundu na maneno: "Kila raia ajisemee. Sauti ya kuazima si sauti." Ukibofya cha tatu, tiki ya kijani na makofi.

Maneno hayo mekundu hayakuwa yangu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba kutuma mtu ni jibu zuri pia, bosi akalifuta. Tuligombana juu yake mpaka mwenye duka akatuma mtu juu kuuliza kama kuna tatizo. Nilimwambia bosi kwamba huko kwetu kutuma mtu si uoga. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kando kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, tena nzito. Kanisani mama yangu na mkwe wake walikuwa wamepangiana: yeye ibada ya kwanza, mkwe ibada ya pili. Na kukiwa na neno la lazima linapitia kwa mtu wa katikati. Mama atasema, "Mwambieni hivi," yule wa katikati atarudia, hata kama mkwe yuko upande wa pili wa ukuta na amesikia kila kitu, naye atajibu, "Mwambieni mama hivi." Nimeona mazishi yakipangwa kwa njia hiyo, na magomvi ya mipaka yakiisha.

"Sasa hizo mila," bosi akasema kwa upole wake ule wa kuudhi, "si ndizo zinazowafunga wanawake midomo?"

Nilikasirika. Nilikasirika zaidi kwa sababu nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Nimewaona wanawake wakimeza mambo mpaka yakawaozea tumboni, na ukiwauliza wanakwambia ni heshima. Basi yakabaki maneno yake, na makofi yakabaki yangu.

Kozi ilipoanza, aliyeifurahia kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Alikuwa mwalimu, boma lake ng'ambo ya soko, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kamati ya maji ya pale kwetu ilikuwa imemchagua mwenyekiti, na kamati zote zilizotaka pesa za maendeleo zilitakiwa zipitie kozi yetu kwanza. Akawa anashuka Bungoma kila Jumamosi kuketi saiba. Alinipigia simu akicheka, "Shem, nimepata mia kwa mia! Ile ya tatu ndiyo tamu. Kila raia ajisemee, ndiyo hiyo bana." Nilifurahi. Niliwaambia watu ofisini kwamba shemeji yangu mwenyewe anasoma, na bosi akasema hiyo ni ishara nzuri.

Mama nilimleta saiba ya Bungoma siku ya soko ili asikie makofi yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akaishika ile mausi ya kompyuta kama mtu aliyepewa kifaranga amshikie. Nikamfungulia Somo la Tatu. Sisi wawili tulizungumza Kibukusu siku zote, lakini akitaka kunigombeza alihamia Kiswahili, ndipo nijue sasa tunaongea kiserikali. Alisubiri yule mama wa kitambaa ashuke mzima. Nikamsomea kisa. Akabofya Tuma mtu akusemee. Nyekundu. Akabofya tena pale pale, kwa nguvu zaidi. Nyekundu.

"Hii mashine yako haina adabu," akasema kwa Kiswahili, na vijana waliokuwa kwenye kompyuta za jirani wakageuka.

"Mama, bonyeza ile ya mwisho usikie."

"Siwezi. Sijui huyo mwenyekiti ni mkwe wa nani."

Nikambofyia mimi. Makofi yakalia. Akasikiliza, akasikia na yale yake ya mwisho, akatabasamu kidogo. "Hao si ni sisi?" Halafu tabasamu likaisha, akaniambia lililomleta. Hakuwa amekuja kwa ajili ya makofi.

Kamati ilikuwa imepata pesa za kujengea chemchemi. Wangeizungushia ukuta mnyama asiingie, na hilo wote walilitaka. Lakini kwenye mchoro lango lilikuwa upande wa soko peke yake. Ile njia ya kushuka kutoka kwetu mlimani, ambayo mama yangu na akina mama wa upande wake walipita na mitungi tangu walipoolewa, ingeishia kwenye ukuta. Wangelazimika kuzunguka kwa barabara kubwa, chini hadi daraja, juu hadi soko, halafu warudi vivyo hivyo wakipanda na maji kichwani. Mama alikuwa na goti bovu. Alitaka kitu kimoja tu: lango la pili, dogo, upande wa kwetu. Mkutano wa kupitisha mchoro ulikuwa wiki iliyofuata. Zamani angesema kupitia kwa baba mdogo, lakini baba mdogo tulikuwa tumemzika. Mdogo wangu hakuthubutu kumbebea mumewe neno la namna hiyo mbele ya kamati yake.

"Kwa hivyo utanisemea wewe," akaniambia. "Wewe si kazi yako ni kufundisha watu kusema?"

Nilikubali papo hapo. Nilidhani ni jambo dogo.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, lile la mwisho, lenye mlango mmoja na madirisha ya mbao yasiyo na vioo. Kamati ilikaa mbele chini ya ubao. Wanaume walijaa kwenye madawati, akina mama wengi nyuma. Mama yangu alikaa nje, chini ya dirisha, juu ya jiwe, mgongo kwa ukuta. Kila aliyepita alimsalimu na hakuna aliyemuuliza kwa nini haingii. Nami nikakaa ndani karibu na dirisha lile, ili akisema nimsikie.

Wakasoma mchoro. Shemeji akauliza kama kuna swali. Mama akasema kutoka nje, kwa sauti ya kawaida, "Mwambieni mwenyekiti, watu wa mlimani wanaomba lango dogo upande wao." Darasa zima lilisikia. Nikasimama, nikarudia neno kwa neno, kwa adabu, na nikaongeza asante.

Shemeji aliinamisha kichwa kidogo alipoisikia sauti ya mama, kama inavyotakiwa. Nilijua atajibu, "Mwambieni mama." Lakini aliponiona mimi ndiye nimesimama akainua uso, na nikaona kitu kibaya: alikuwa anatabasamu kama mtu anayeniletea zawadi.

"Shemeji yetu anaishi Kitale," akawaambia watu. "Si mkazi wa hapa, hachoti maji hapa. Tena yeye ndiye ametufundisha. Somo la tatu linasema nini? Kila raia ajisemee. Sauti ya kuazima si sauti." Akanigeukia. "Au nimekosea, mwalimu?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la kumheshimu mwenyekiti wao. Kama alikuwa mjanja au alikuwa anaamini kweli, mpaka leo sijui, na ningependa sana kujua. Nikafungua mdomo nimwambie maneno yale si yangu, ni ya mtu wa Nairobi asiyejua mkwe ni nani, lakini nilikuwa na beji ya shirika shingoni. Nikasema, "Mwenyekiti, unajua fika kwa nini mama hawezi kuingia."

"Mlango uko wazi," akasema. "Hakuna raia aliyefukuzwa hapa."

Nje nikasikia jiwe likisogea.

Mama aliingia polepole kwa sababu ya goti. Alikuwa ameivuta leso kutoka mabegani akajifunika kichwa mpaka usoni, kwa hivyo aliona miguu ya watu tu. Watu walivuta pumzi kwa pamoja. Alisimama hapo hapo mlangoni, na mlango ulikuwa huo mmoja.

Shemeji aliruka kutoka kwenye kiti kabla hajafikiri. Hilo nalijua, niliuona uso wake. Kozi na mia kwa mia vilimtoka, akabaki mtoto wa mama yake, aliyelelewa vizuri, mama mkwe ameingia chumba alimo. Akaangalia mlango, ukawa umezibwa. Akageuka huku, akageuka kule, akapanda juu ya dawati na viatu vyake vilivyong'aa, akatoka kwa dirisha. Tulisikia shati likichanika kwenye bawaba. Tulimsikia akianguka kwenye maua ya shule.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama mtu angecheka.

Mama akasema. Alikielekea kile kiti kitupu, uso ndani ya leso, akakiambia kwamba yeye na wenzake wamechota maji kwa njia ile tangu wakiwa wasichana wageni hapa, kwamba hawakatai ukuta, kwamba wanaomba lango la kupita mtu na mtungi wake tu. Alisema kwa Kiswahili. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema Kiswahili bila kumgombeza mtu. Alipomaliza akasema, "Ni hayo."

Niliwaangalia akina mama wa kikundi chake. Walikuwamo wote, wale wale wa mbele ya jikoni. Mikono ilikuwa mapajani. Mmoja alikuwa ameibana chini ya kwapa kana kwamba kuna baridi. Nao walikuwa na wakwe, wengine ndani ya kamati ile ile. Nilitaka kuwapigia kelele, "Pigeni!" Sikupiga hata mimi. Ungepigaje makofi mama yako akiwa amesimama vile?

Katibu wa kamati akakohoa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenyekiti hayupo, na bila mwenyekiti kwenye kiti mkutano si mkutano, kwa hivyo kilichosemwa hakiwezi kuandikwa. Lakini mchoro ulikuwa umesomwa mwenyekiti akiwepo, na hapakuwa na pingamizi la mkazi yeyote, basi mchoro umepita. Hivyo ndivyo ilivyoingia kwenye kumbukumbu zao. Nilibishana naye mpaka nje, na mama akanishika mkono akasema kwa Kibukusu, "Twende nyumbani."

Ukuta ulijengwa. Lango likawekwa upande wa soko, la chuma, lenye rangi ya samawati. Shemeji hakunena ubaya wowote, lakini alituma mtu kusema kwamba ametolewa kwa dirisha mbele ya wazazi wa wanafunzi wake na hajui atamalizaje aibu hiyo, na mpaka ajue, mke wake asionekane kwetu. Mdogo wangu akawa ananipigia simu kwa kunong'ona. Alikuwa mjamzito. Mama alikuwa ameshamnunulia mtoto blanketi, likawa linakaa kwenye sanduku.

Nilikwenda kuuona ukuta huo, nikarudi Kitale nikiwa na hasira ya kubeba kwa gunia. Nikamweleza bosi yote, tangu jiwe hadi lango, nikitaka afute yale maneno mekundu. Alinisikiliza kwa makini. Macho yakamng'aa. Nilidhani ni machozi.

"Lakini alisema," akaniambia. "Mama wa kijijini, mtu wa mila, aliingia akasema mwenyewe! Hii ndiyo hadithi tuliyokuwa tunaitafuta. Tuiweke kwenye kozi. Muombe ruhusa."

Jumamosi nikaenda kwetu, nusu kwa ajili ya kumwomba mama, nusu kwa sababu sikujua pa kwenda. Nilimkuta anatoka na mtungi. Nikachukua wa pili tukashuka pamoja. Tulifika mwisho wa ile njia, kwenye ukuta. Maji yalisikika upande wa pili. Mtu alikuwa ameegemeza mawe hapo kama ngazi, kamati ikayaondoa. Tukageuka tukafuata barabara, chini hadi daraja, juu hadi soko, ndani ya lango la samawati, tukajaza, tukaanza kurudi. Alikuwa anasimama kila mahali penye kivuli, anashika goti, halafu tunaendelea. Nikamwambia alichosema bosi.

"Ataniweka kwa kompyuta?"

"Ndiyo, mama. Lakini ukikataa nitamwambia umekataa."

"Na hiyo mashine itasema nini? Kwamba nimepata?"

"Itaweka tiki. Halafu makofi."

Akahamia Kiswahili.

"Sawa, weka. Lakini usiishie hapo kwa makofi. Weka na hii barabara yote. Mtu akishabonyeza kusema, abonyeze pia kutembea. Abonyeze mpaka daraja, abonyeze mpaka soko, abonyeze kurudi na maji. Usimpunguzie."

Niliitengeneza. Sijawahi kutengeneza somo vizuri kama lile. Mama wa kitambaa cha kijani anasimama, anasema, inakuja tiki, yanakuja makofi, na chini kinatokea kibonye kimoja tu: Endelea. Unabofya, anapiga hatua moja na mtungi. Unabofya, hatua nyingine. Kwa mtandao ule kila hatua ilishuka kutoka juu, kitambaa kwanza. Hapakuwa na njia ya kuruka. Niliweka daraja, niliweka lango la samawati, niliweka goti.

Bosi alikaa kuijaribu asubuhi. Alifurahia mkutano, akafurahia dirisha, makofi yalipolia akanitazama akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kubofya. Alibofya, akasubiri, akabofya, akasubiri. Baadaye akaanza kugonga meza kwa vidole. Hakufika hata darajani.

"Inachosha hii," akasema.

"Hata yeye anasema hivyo," nikamwambia.

Aliifuta barabara yote kabla ya chakula cha mchana, kuanzia kibonye cha Endelea. Makofi aliyaacha, pamoja na yale ya mwisho ya mama yangu, anayemalizia peke yake.